Tangi Halina Samaki, Ila Wapangaji Wamejaa

Oya mwana, ukiingia geto kwangu hapa Msimbati usianze na lile swali. Najua unachokiona. Tangi la lita 60, maji meupe pee, taa imezimwa, pampu ya hewa inaunguruma kama boda inayopanda mchanga wa kwenda Ruvula. Ndani hamna samaki hata wa kusingiziwa. Kila mchizi anayekanyaga hapa anauliza, "Samaki wako wapi?" Nami najibu fresh tu: samaki wamehama, wapangaji wamebaki.

Mshua ndo kabisa. Alistaafu uvuvi, hajastaafu kuongea. Kakaa kibarazani, kamwambia jirani kwamba mwanawe siku hizi anafuga maji. Kitaa kikaidaka. Sasa nikipita kwenye meza ya pweza jioni nasikia, "Mfuga maji! Leo yamezaa mangapi?" Cheka, mwanangu. Cheka vizuri. Ntakuchana taratibu.

Ishu iko hivi. Gapi wangu niliwauza kwa msela wa Mtwara mjini msimu wa korosho, wakati watu wana hela na mimi nina madeni. Wapya wanatoka Dar, na Dar si jirani, ni kilomita zaidi ya 500. Kwa hiyo nasubiri mwana atakayesafiri, anayejua kwamba samaki kwenye mfuko si mzigo wa kutupia kwenye buti la basi. Wiki ya tatu hii.

Mshamba angefanyaje? Angechomoa pampu, angemwaga maji, angeosha kila kitu kwa sabuni, angeanika tangi juani. Safi kabisa. Na angekuwa ameua kijiji kizima.

Najua, maana yalinikuta. Mwaka wangu wa kwanza maza, kwa roho nyeupe, alilikuta sponji la filta limeshika utelezi wa kahawia. Akaona uchafu. Akalisugua kwa jiki mpaka likanuka wodi. Likatoka jeupe, unaweza kwenda nalo harusini. Nikatia samaki wapya, nikapiga picha, nikaweka status. Siku ya tatu wanahemea juu. Siku ya tano tunazika nyuma ya choo. Status sikufuta, nilisahau, watu wakatuma vikopakopa. Aibu gani ile.

Ule utelezi ndo mali yenyewe. Ni bakteria, ndo wapangaji wangu, na majina yao ya shule ni Nitrosomonas na Nitrospira. Kishkaji nawaita Somo na Spira. Samaki anatoa amonia, nyingi kupitia matamvua, na amonia ni sumu. Somo anaila, anatema naitraiti. Nayo bado sumu. Spira anaidaka hiyo, anatema naitreti, ambayo ni ya kishkaji, unaipunguza kwa kubadili maji mara moja moja. Na wote wawili wamejibandika kwenye sponji, kokoto na mawe. Kwenye maji yenyewe ni wachache. Kwa hiyo mshua kakosea hata tusi: mimi sifugi maji, nafuga sponji.

Halafu usidhani wazee wa kitaa tu ndo wanazingua. Tangu mwanasayansi Winogradsky aanze kuwachimba hawa viumbe miaka ya 1890, vitabu vikampa sifa jamaa mwingine, Nitrobacter, kwamba ndiye anayekula naitraiti. Mwaka 1998 kina Timothy Hovanec wakachungulia kwenye matangi ya samaki, wakakuta anayepiga kazi ni Spira. Miaka mia, sifa zinaenda nyumba ya jirani! Mwaka 2015 ikagundulika kuna akina Spira wengine wanaofanya shifti zote mbili peke yao, amonia mpaka naitreti. Huyo ndo mpangaji.

Sasa tangi tupu noma yake ni msosi. Hamna samaki, hamna amonia, wapangaji wanalala njaa. Hawafi usiku mmoja, wanaweza kuvumilia wiki kadhaa wamejikunyata, ila idadi inapungua. Na kuwarudisha ni ngoma nzito. Vijidudu vya kuharisha vinaweza kujizidisha kila dakika 20. Somo na Spira wanachukua masaa mengi, hata siku nzima. Ndo maana tangi jipya kuanzia sifuri linakula wiki nne mpaka sita.

Dar kuna chupa za bakteria, kwa waliochoka kutunza hela. Misimbazi kadhaa kwa kachupa kadogo. Noti nyekundu za Msimbazi zikifika Msimbati hazina maisha marefu, ila sio kwa staili hiyo. Mimi nalisha kamba. Kamba mbichi, kipande kama ukucha wa dole gumba, nakifunga kwenye kitambaa cha chandarua, natumbukiza. Kinaoza, amonia inatoka, wapangaji wanakula. Kikianza kusambaratika nakivuta na kitambaa chake. Kikizidi ukubwa geto linanuka soko la Feri, na demu wako anakumbuka ghafla ana ratiba nyingine.

Maza alinikuta nafunga. "Kamba huyo anakula nani?" Wapangaji. "Kodi wanalipa?"

Kama huna kamba, chakula cha samaki, chembe chache kila baada ya siku mbili tatu. Ukibahatika na amonia ya chupa, itikise kwanza. Ikitoa povu kama bia ina sabuni, iache dukani. Wahuni wameshaniuliza, si ukojoe tu humo? Kisayansi hoja ina miguu, mkojo una urea na urea inageuka amonia. Kijamii, hapana. Msimbati nzima ingejua kabla ya adhuhuri, na jina la mfuga maji ningelikumbuka kwa mapenzi.

Hita sina. Kwenye video wazungu wanahangaika kupasha maji, sisi jua la Mtwara linatupashia bure. Klorini ndo adui. Maji ya bomba nayalaza kwenye ndoo pana na pampu ikipuliza mpaka kesho yake. Sponji nalikamua ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe, mara chache, kwa adabu. Maji ya mvua peke yake ni laini mno, wapangaji wakishamaliza chokaa maji yanachachuka na wao wanagoma. Mimi nimetupia maganda ya chaza yaliyobaki jikoni.

Ila kinachoniamsha usiku ni umeme. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, hapa hapa kwetu. Bomba la kuipeleka Dar likakamilika 2015. Na sisi tunaolala jirani na visima, umeme ukikata tunatazamana kama waliofumaniwa. Somo na Spira bila oksijeni ni kilio. Unajua lile tope jeusi la mikokoni kule Ruvuma, ukichimba kidogo linakutemea harufu ya mayai viza? Kule chini hewa haifiki, wanatawala bakteria wengine kabisa. Filta iliyofungwa, umeme ukiwa umekata masaa mengi, inakuwa tope hilohilo. Umeme ukirudi, inautapika ule uozo kwenye tangi lako. Kwa hiyo giza likiingia natoa sponji, nalilaza kwenye sinia na maji kidogo, hewa ilipige. Mshua alinikuta hivyo na tochi mdomoni. Hakusema kitu. Alienda kumwambia jirani.

Kuna msela kaniambia niachane na Dar, nivute wale samaki wa rangi hapo Mnazi Bay, mbona wamejaa. Kausha. Pale ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, huingii na ndoo kama kisimani. Halafu wapangaji wangu ni wa maji baridi, ukiwamwagia chumvi ghafla wanaanza upya, na mimi sina wiki sita nyingine za kutukanwa.

Samaki wa Dar wakifika natia wawili kwanza. Wapangaji wamezoea kipande cha kamba, sio karamu.

Ukija geto, kaa popote, chaji simu yako, ila swichi ya kona ile usiiguse. Na ukipita ufukweni kwa wavuvi, niletee kamba mmoja mbichi. Mmoja tu. Wengine kaanga.