KURA YA KIJIJI NA MFANYAKAZI MKIMBIZI



Tarehe 10 Julai 2018 wananchi wa Uganda walitoka majumbani, wakajipanga mstari nyuma ya wagombea wao, wakahesabiwa kichwa kwa kichwa, na wenyeviti wa vijiji wakapatikana. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa mabaraza ya vijiji na parokia tangu mwaka 2001. Kuanzia mitaa ya Mbarara hadi vijiji vya wilaya ya Isingiro vilivyo karibu na ziwa Nakivale, wananchi walipiga kura siku hiyo hiyo moja. Lakini katika makazi ya Nakivale, ambamo wanaishi watu zaidi ya 100,000 kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko, mkimbizi hakuwa na mstari wa kusimama. Twataka kueleza kwa nini ni hivyo, na kwa nini jambo hili lamhusu kila mwanachama wetu.

LC NI NINI?

Mabaraza haya, ambayo kila mtu huyaita LC, yalizaliwa na mabaraza ya RC ya wakati wa vita vya msituni vya 1981 hadi 1986. Yako ngazi tano, kutoka kijiji hadi wilaya. Mtu asidhani kuwa ngazi ya kijiji ni jambo dogo. Barua na muhuri wa mwenyekiti hutakiwa katika kuomba kitambulisho, katika dhamana polisi, katika kununua kiwanja. Kwa sheria ya mwaka 2006, baraza la kijiji ni mahakama pia, nalo husikiliza kesi ndogo ndogo za madeni na ugomvi wa majirani.

Mstari nao una kasoro yake. Kibarua akisimama nyuma ya mgombea mmoja, na tajiri wake akasimama nyuma ya mwingine, kesho yake hakuna siri kati yao. Isitoshe, muhula wa viongozi wa 2018 ulipokwisha mwaka 2023, badala ya kuitisha uchaguzi, serikali iliuongeza.

MILANGO MITATU YA SHERIA

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 husifiwa duniani, na kwa haki. Mkimbizi anaruhusiwa kutembea, kufanya kazi na kufanya biashara. Lakini tuisome vizuri. Mlango wa kwanza: akiwa na kipato, alipe kodi kama watu wengine. Mlango wa pili: asijiingize katika siasa, ya taifa wala ya mtaa. Mlango wa tatu, ambao wengi hawaujui: anayo haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi.

Basi anayefyatua matofali Mbarara, au anayelima shamba la ndizi la Isingiro, anachangia mfuko wa serikali na hana kauli juu ya matumizi yake. Hata mtoto aliyezaliwa Nakivale hapo hapo, ikiwa wazazi wake ni wakimbizi, hahesabiwi raia kwa kuzaliwa.

Badala ya LC, wakimbizi huchagua mabaraza yao ya ustawi, yaani RWC, yenye ngazi tatu kutoka kijiji hadi makazi yote. Viongozi hao hufanya kazi ya kujitolea. Huamua ugomvi, hupeleka malalamiko ya maji na shule kwa Ofisi ya Waziri Mkuu na kwa mashirika. Tunawaheshimu. Lakini RWC haipangi bajeti ya wilaya wala haitozi ushuru. Inaomba tu, mwenye kuamua ni mwingine.

HISTORIA INATUFUNDISHA

Nakivale ni makazi ya zamani, tangu mwisho wa miaka ya 1950, Wanyarwanda walipoanza kuikimbia nchi yao. Mwezi wa Oktoba 1982, viongozi wa chama tawala cha wakati ule pamoja na vijana wao waliwafukuza maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda kutoka vijiji vya Mbarara. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Wengine walikimbilia mpaka wa Rwanda, wengine wakarudishwa katika makazi, Nakivale ikiwemo. Asiye na sauti katika baraza ndiye wa kwanza kutupiwa lawama siku ardhi inapokuwa haba.

Nchi nyingine zinafanyaje? Katika mji wa Leicester, Uingereza, ambako walihamia Waasia wengi waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, raia wa Uganda anayekaa kihalali anapiga kura ya baraza la mji, kwa kuwa Uganda imo katika Jumuiya ya Madola. Jirani yake Mkongo hapigi. Lakini Scotland, tangu mwaka 2020, imewapa kura hiyo wakaaji wote wa kihalali, wakimbizi pamoja nao. Kumbe jambo hili lawezekana.

UJIRA NDIO KIINI

Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani lilianza kugawa posho kwa madaraja ya uhitaji, na mwaka 2025 wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda waliondolewa katika mgao. Mtu ambaye watoto wake wamelala njaa atakubali ujira wowote. Tajiri anajua hivyo. Akimpunguzia mkimbizi leo, kesho atamwambia kibarua mwananchi: "Ukikataa, wapo watakaokubali." Hapo wavuja jasho wawili wanachukiana, na mwenye shamba anacheka.

Kwa hiyo tunasema haya. Kwanza, vyama vyetu vifungue mlango huo wa tatu: viwaandikishe vibarua wakimbizi wa Mbarara na Isingiro, na kanuni zielezwe kwa Kiswahili, lugha inayosikika pande zote mbili. Pili, pale kijiji cha wenyeji kinapopakana na kijiji cha wakimbizi, LC na RWC wakae pamoja kusikiliza kesi za ujira usiolipwa. Tatu, wagombea wa RWC waulizwe habari za kazi na mishahara, si habari za posho peke yake. Nne, mkimbizi asiburutwe katika kampeni za wanasiasa; wao watarudi makwao, yeye atabaki na kesi.

Kura ya kijiji mkimbizi hana. Kadi ya chama anaweza kuwa nayo hata kesho, na katika mkutano wa chama mkono wake unahesabiwa sawa na mkono wa mwenyeji. Tumpe kadi hiyo.

Umoja ni nguvu!