Likasi: Shituru ina viwanda na historia, lakini itawapa wanafunzi sababu ya kubaki?

Mwanafunzi akichagua mji wa kusomea, haangalii auditoriamu peke yake. Anauliza chumba ni bei gani, umeme unakatika mara ngapi, na jioni kuna nini cha kufanya. Anauliza pia kama, baada ya kupata diploma, atabaki ao atakimbilia Lubumbashi. Maswali haya yanaugusa sana mji wa Likasi, ulio umbali wa kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi, katika jimbo la Haut-Katanga.

Likasi ina komine nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Kwa wengi, Shituru ni jina la viwanda tu. Viwanda hivyo vya shaba vilianza mwaka 1929, wakati wa Union Minière, kisha vikawa vya Gécamines baada ya serikali kuichukua kampuni hiyo mwaka 1967. Familia nyingi zilisomesha watoto kwa mshahara wa hapo. Lakini Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilianguka vibaya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari. Wazazi wengi walielewa kwamba mji hauwezi kuishi kwa mgodi peke yake.

Leo Likasi ina chuo kikuu chake, UNILI, pamoja na taasisi ya juu ya ualimu, ISP. Je, mji unawapa nini wanafunzi hao nje ya darasa?

Mali ya kwanza ni muziki. Mwaka 1952, wakati mji ungali unaitwa Jadotville, mtafiti Hugh Tracey alimkuta hapa kijana mpiga gita, Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, mzaliwa wa Bunkeya, akamrekodi. Wimbo wake Masanga ulivuka mipaka, na mpaka leo wapiga gita wa nchi za mbali wanajifunza vidole vyake. Mwenda alifariki mwaka 1990. Mgeni anayependa gita anaweza kufunga safari kwa ajili ya jina hilo peke yake, ikiwa atapata mahali pa kusikiliza vijana wakipiga.

Mali ya pili ni historia. Septemba 1961, askari wa Ireland zaidi ya 150, waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, walizingirwa hapa Jadotville. Filamu juu ya tukio hilo ilitoka mwaka 2016, lakini ilipigwa Afrika Kusini. Anayeitazama na kutaka kuona mahali penyewe anahitaji mtu wa kumwongoza. Hiyo ni kazi ambayo mwanafunzi wa historia angeweza kuifanya wakati wa likizo na kujilipia masomo.

Mfano hauko mbali. Lubumbashi iliingia mwaka 2015 katika mtandao wa UNESCO wa miji ya ubunifu, kwa upande wa ufundi na sanaa za watu. Tangu 2008, Picha, shirika ambalo mpiga picha Sammy Baloji ni mmoja wa waanzilishi wake, linaandaa biennale inayoleta wageni wa nchi nyingi. Baloji alipata jina kwa kuchanganya picha za zamani za wafanyakazi na magofu ya viwanda vya Katanga. Magofu yaleyale tunayoyapita kila siku bila kuyatazama yalimfikisha kwenye maonyesho ya dunia.

Shituru haihitaji kuiga Lubumbashi katika yote. Inahitaji vitu vya kawaida: ukumbi mmoja wenye umeme wa uhakika, vyumba ambavyo mzazi mwenye kipato kidogo anaweza kulipia, taa njiani ili msichana arudi salama usiku, maji safi, na viwanda vinavyokubali kuwafungulia wanafunzi milango. Chuo, komine na kampuni za migodi wakikaa meza moja, mengi kati ya hayo yanawezekana.

Shaba itakwisha siku moja. Kijana aliyejifunza, akaimba, akapata kazi na kujenga nyumba yake Likasi ndiye atakayebaki. Mji ukimkosa huyo, utabaki na nini?