Kanisa la Rabai Walikokimbilia Watoro

Ukitoka Mombasa kwa njia ya Nairobi, ukafika Mazeras na kukunja kulia, hukawii kuingia Rabai. Hapo pana kanisa la Mtakatifu Paulo, lililojengwa miaka ya 1880, na jirani yake jengo la kale la misheni ambalo tangu 1994 ni makumbusho. Ndipo watu wa kijiji wanapoabudia, wanapoozwa na wanapoagwa.

Msomaji atauliza: kanisa la Rabai lamhusu nini Mwislamu wa Mji wa Kale? Lamhusu sana. Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliingia Mombasa mwaka 1844 akiwa na barua ya Sayyid Said. Aliyemsaidia kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Mwaka 1846 Krapf na mwenzake Rebmann wakahamia Rabai kwa ridhaa ya wazee wa huko.

Lakini habari kubwa ya Rabai ni watoro. Siku hizi mtoro ni mtoto akimbiaye shule. Zama hizo alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Walitoka mashambani usiku, wakapanda vilima hadi misheni. Waliwakuta watu kama kasisi William Jones, ambaye mwenyewe alipata kuwa mtumwa, akakombolewa na kulelewa Bombay. Huyo hakuhitaji kuelezwa utumwa ni kitu gani.

Mabwana nao ni nani? Tusifichane: ni Waarabu na Waswahili wa pwani yetu, na wengine wetu ni wajukuu zao. Dini ilikwisha waambia kwamba kumwacha mtumwa huru kuna thawabu, lakini shamba lilitaka mikono. Kufikia 1888 hasira zilipanda hata ikahofiwa kwamba Rabai itashambuliwa. Ndipo George Mackenzie, wakili wa kampuni ya Kiingereza, alipokubaliana nao awalipe fidia. Tarehe 1 Januari 1889 watoro wakapewa hati za uhuru hapo Rabai. Katika misheni zote za pwani walioandikwa walizidi 1,400, na wengi walikuwa wa Rabai. Bwana alipata fedha. Mtoro alipata karatasi, wala hakuna aliyemlipa ujira wa miaka aliyolima.

Aendaye Rabai na aanze makumbusho, ndipo avuke kwenda kanisani. Kwa miguu ni hatua chache tu.