Mfanyakazi Bora wa Afya ya Akili Hupimwaje?

Kila Mei Mosi wafanyakazi bora nchini Tanzania hutunukiwa zawadi. Kiwandani kipimo ni dhahiri: bidhaa huhesabika. Je, mhudumu wa afya ya akili apimwe kwa kipimo gani?

Uraibu wa heroini ni mfano mmoja. Mkazi wa Tandale aweza kupata tiba ya methadoni katika Hospitali ya Mwananyamala, wilayani Kinondoni, ambako kliniki ilifunguliwa mwaka 2012, baada ya ile ya Muhimbili ya mwaka 2011. Dawa hii huzuia arosto, yaani mahangaiko ya kukosa heroini, kwa muda wa saa 24 hivi. Ndiyo maana mgonjwa huinywa kila siku, kwa kawaida mbele ya mhudumu. Akikosa siku kadhaa mfululizo, mwili hupoteza mazoea yake, na dozi ile ile ya awali yaweza kumwua.

Kwa hiyo mhudumu hodari huhesabu siku zilizokosekana kabla ya kumimina dawa, na humwulizia asiyeonekana. Tunda la kazi yake ni kifo ambacho hakikutokea, nacho hakihesabiki. Lakini daftari la mahudhurio lipo: kati ya walioanza tiba, wangapi wangali wanakuja baada ya mwaka? Wanaomteua mfanyakazi bora na waanze kwa kulifungua daftari hilo.