Mirathi ya Hatari

Mirathi ya Hatari ni riwaya ya Kiswahili iliyoandikwa na C. G. Mung'ong'o na kuchapishwa mwaka 1977 na Tanzania Publishing House, Dar es Salaam. Inamhusu Gusto, kijana aliyepata elimu ya shule, ambaye baba yake anamrithisha uchawi. Mandhari yake ni vijiji vya Ubena, upande wa Njombe, eneo lililokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi Njombe ilipofanywa mkoa wa pekee mwaka 2012. Mwandishi huyo alitoa pia riwaya ya Njozi Iliyopotea (1980).

Uchawi na shule

Katika riwaya nyingi za Kiingereza zinazopendwa na vijana, uchawi ni somo la darasani. Ursula K. Le Guin, katika A Wizard of Earthsea (1968), alimpeleka kijana Ged kusoma uchawi kisiwani, J. K. Rowling, kuanzia mwaka 1997, alimpeleka Harry Potter kwenye shule ya bweni ya Hogwarts. Huko kuna walimu, vitabu na mitihani, na anayefaulu huheshimiwa.

Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hilo lina ugumu kuanzia kwenye jina. Kiswahili hutenganisha mganga, anayetibu, na mchawi, anayedhuru watu kwa siri. Ukisema "chuo cha wachawi", msikilizaji wa Njombe au Mbeya hafikirii darasa, anafikiria genge. Katika Mirathi ya Hatari shule iko upande mmoja na uchawi upande mwingine, naye Gusto yuko katikati. Hakujiandikisha popote. Amepewa kwa sababu ni mtoto wa baba yake. Neno "mirathi" kwa kawaida hutaja shamba, ng'ombe au nyumba, yaani mali ambayo ndugu huigombania hadharani, lakini hii ni mali ambayo mrithi hawezi kumwonyesha mtu.

Imani ya kurithi

Wazo la uchawi wa kurithi halikubuniwa na mwandishi. Mfano ulioandikwa kwa kina zaidi katika Nyanda za Juu Kusini ni wa Wanyakyusa wa Rungwe, mkoani Mbeya, ambako Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti kati ya 1934 na 1938. Katika kitabu chake Good Company (1951), Monica Wilson alieleza kwamba mchawi aliaminiwa kuwa na chatu tumboni, aliyerithiwa kutoka kwa mzazi. Chatu huyo alitamani nyama na maziwa, na usiku alimtoa mwenyewe kwenda kula matumbo ya jirani au kumkaushia ng'ombe maziwa. Aliyeshukiwa aliweza kunyweshwa mwafi: akitapika, hana hatia. Maiti nayo ilipasuliwa tumbo ili kutafuta dalili za chatu.

Lakini nguvu hiyohiyo ilikuwa na upande wa pili. Kijijini walikuwamo walinzi, abamanga, ambao waliwaona wachawi ndotoni na kupigana nao. Nao waliaminiwa kuwa na chatu. Majirani waliokasirishwa kwa haki, kwa mfano na mtu asiyewakaribisha chakula, waliweza kumletea ugonjwa kwa kile kilichoitwa "pumzi ya watu", na hilo halikuhesabiwa kuwa uchawi. Wilson alihusisha hamu hiyo ya chakula na namna Wanyakyusa walivyoishi: vijana wa rika moja walijenga kijiji chao mbali na baba zao, hivyo jirani hakuwa ndugu, na kula pamoja ndiko kulikowaunganisha. Hoja hii ina nguvu kuliko maelezo ya "ujinga" yaliyozoeleka, kwa kuwa inaonyesha kwamba imani ilifuata mahali ambapo watu walikuwa na sababu ya kuogopana.

Sheria na elimu

Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga Sheria ya Uchawi, ambayo bado inatumika Tanzania Bara kama Sura ya 18. Haimwadhibu tu anayedai kuwa na nguvu za uchawi; hata kuwa na vifaa vyake ni kosa. Kwa hiyo kijana anayeachiwa tunguri za baba yake ana kesi ya kujibu kabla hajamgusa mtu.

Mwaka huohuo ilifunguliwa shule ya Malangali, Iringa, ambako W. B. Mumford alijaribu kuchanganya masomo na mila: wazee waliletwa shuleni, ngoma na kutupa mikuki vikapewa nafasi. Mila zilichaguliwa, bila shaka. Yale ambayo baba humnong'oneza mwanawe usiku hayakuwa na kipindi kwenye ratiba.

Kizazi cha Gusto ni cha baadaye, cha Azimio la Arusha na vijiji vya ujamaa. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya Watanzania walihamishiwa vijijini, na wengi waliokuwa wakiishi mbalimbali, kila ukoo na mashamba yake, wakajikuta wanapakana ua kwa ua. Mirathi ya Hatari ilitoka mwaka mmoja baadaye.