Ada za Shule za Awali Jijini Juba na Mipaka ya Udhibiti wa Serikali: Mtazamo kutoka Malakia

Ikisiri

Makala hii inaeleza kwa nini ada za shule za awali hupanda jijini Juba, na kwa nini mwito wa kuitaka serikali iweke kikomo cha ada, ingawa una msingi wa haki, hauwezi peke yake kuwapunguzia wazazi mzigo. Hoja yake ni kwamba ada hizo hufuata thamani ya dola kuliko utashi wa mwenye shule. Kwa sababu hiyo, udhibiti unaotekelezeka ni ule wa mwenendo wa utozaji, nao unahitaji kuambatana na madarasa ya awali ya umma.

Utangulizi

Malakia ni miongoni mwa mitaa mikongwe ya Juba. Jina lake lina asili ya Kiarabu, na katika miji ya Sudan ya kusini lilitumika kutaja makazi ya raia yaliyotengwa na kambi za jeshi. Miongoni mwa wakazi wa mwanzo wa mitaa hiyo walikuwamo askari waliomaliza utumishi pamoja na jamaa zao. Kiarabu cha Juba kinachosikika mtaani humo kina undugu wa karibu na Kinubi cha Kibera nchini Kenya na cha Bombo nchini Uganda. Mtaa kama huu, wenye watumishi wa serikali, wachuuzi na mafundi wanaoishi jirani, ni mahali pazuri pa kuulizia swali la ada, kwa kuwa hapo kipato cha mzazi na bei ya shule havipimwi kwa kipimo kimoja.

Istilahi ya shule hizi hutofautiana katika ukanda wetu: chekechea, shule ya awali, na Zanzibar skuli ya maandalizi. Hapa tunatumia shule ya awali kwa maana ya elimu rasmi inayotangulia darasa la kwanza, na ada kwa maana ya malipo yote ambayo mtoto hawezi kuingia darasani bila kuyakamilisha, yakiwamo ya usajili, sare na chakula. Ufafanuzi huu si wa kupamba maneno. Kanuni inayotaja ada ya masomo peke yake huacha mlango wazi, na mwenye shule huhamishia nyongeza kwenye sare.

Chanzo cha kupanda kwa ada

Hadi Desemba 2015, Sudan Kusini ilikuwa na kiwango rasmi cha paundi 2.96 kwa dola moja ya Marekani. Kiwango hicho kilipoachwa kifuate soko, dola ilifika takriban paundi 18.5. Tuchukue mfano wa kukadiria: shule iliyohitaji dola 100 kwa muhula ingetoza paundi 296 kabla ya uamuzi ule, na paundi 1,850 baada yake. Mwenye shule hajaongeza hata senti ya dola, lakini mzazi anayelipwa kwa paundi ameona ada ikizidishwa zaidi ya mara sita. Tangu hapo paundi imeendelea kuporomoka, na ugomvi wa mzazi na shule umebaki wa namna ileile: kila upande unasema kweli kwa sarafu yake.

Kwa nini shule ihesabu kwa dola? Sehemu kubwa ya bidhaa za Juba huingia kwa barabara ya Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, kutoka Uganda na Kenya. Unga, mafuta ya jenereta, vitabu, madaftari na saruji vyote hubeba bei ya ng'ambo ya mpaka. Isitoshe, shule nyingi za binafsi huajiri walimu kutoka nchi hizo mbili, na mwalimu anayetuma fedha kwao hawezi kukubali mshahara unaoyeyuka kabla ya mwisho wa mwezi. Shule inayotoza kwa paundi thabiti huishia kuwapoteza walimu, na inayotoza kwa dola huishia kuwapoteza watoto.

Upande wa mzazi hali ni ngumu zaidi. Mapato ya serikali hutegemea mafuta ghafi kwa zaidi ya asilimia 90, na mafuta hayo husafirishwa kwa mabomba yanayopita Sudan, nchi iliyoingia vitani Aprili 2023. Bomba kuu lilipopasuka Februari 2024, mapato yalikatika, na watumishi wa umma wakakaa miezi mingi bila mishahara. Kwa karani wa wizara anayeishi Malakia, tatizo la ada lilikuwa na sura mbili kwa wakati mmoja: kiasi kilipanda, na mshahara haukufika. Kikomo cha ada kingegusa sura ya kwanza tu.

Sheria inasema nini

Katiba ya Mpito ya 2011, katika ibara ya 29, inaitaja elimu kuwa haki ya kila raia na kuzitaka ngazi zote za serikali kuhakikisha elimu ya bure na ya lazima katika ngazi ya msingi. Sheria ya Elimu ya Jumla ya 2012 inaitambua elimu ya awali kuwa sehemu ya mfumo. Februari 2023 Rais Salva Kiir aliagiza elimu ya msingi na sekondari katika shule za umma itolewe bila ada. Ukiyasoma maandishi haya kwa pamoja, utaona pengo: mtoto wa miaka minne anatambuliwa, lakini ahadi ya bure inamsubiri hadi darasa la kwanza. Misaada ya wahisani imefuata mkondo huohuo. Posho ya dola 40 kwa mwezi iliyofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kuanzia 2017 ililenga walimu wa shule za msingi.

Kuna jambo jingine ambalo wadai wa udhibiti hulisahau. Sera inataka lugha za taifa zitumike katika miaka ya mwanzo ya shule, ilhali shule za binafsi hujinadi kwa Kiingereza. Mzazi anayelalamikia ada mara nyingi ndiye yuleyule anayeilipia lugha ambayo sera haikuikusudia kwa umri huo. Simlaumu. Anaitazama njia ya ajira, si waraka wa wizara. Lakini ni haki kusema kwamba sehemu ya bei inatokana na Kiingereza hicho na walimu wake.

Walikopita majirani

Tanzania ililijadili suala hili kwa jina la ada elekezi: serikali ilikusudia kupanga viwango vya ada kwa shule za binafsi kulingana na gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja. Mwaka 2016 mpango huo uliachwa. Kilicholeta badiliko kwa watoto wadogo ni hatua nyingine. Kuanzia Januari 2016 ada ilifutwa katika shule za umma kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na kwa kuwa shule za msingi za umma zilikwisha kutakiwa kuwa na darasa la awali, idadi ya watoto katika madarasa hayo ilipita milioni 1.5 mwaka huohuo. Msongamano ulikuwa mkubwa, na ubora ukaumia, hilo halifichiki. Hata hivyo mzazi alipata pa kwenda alipokataa bei ya shule ya binafsi.

Uganda ilichagua njia tofauti. Sheria yake ya elimu ya 2008 inaikabidhi elimu ya awali kwa watu na taasisi binafsi, na gharama inaangukia wazazi. Matokeo yake ni soko pana la shule za awali, ambalo Juba imeliiga kwa vitendo bila kuliandika sheriani. Zanzibar nayo ilianzisha vituo vya Tucheze Tujifunze, vinavyoendeshwa karibu na jamii kwa masomo ya redio na walezi waliopewa mafunzo. Kwa maoni yangu huu ndio mfano unaostahili kutazamwa zaidi Juba, kwa sababu gharama zake nyingi zinaweza kulipwa kwa sarafu ya ndani: mlezi hutoka mtaani, na lugha ni ya mtaani.

Kinachoweza kudhibitiwa

Kikomo cha ada kwa paundi, katika uchumi wa namna hii, hupitwa na wakati ndani ya muhula mmoja. Kikomo kwa dola nacho kingekuwa ni serikali kukiri kwamba sarafu yake haitumiki. Mwenendo wa utozaji ndio unaodhibitika. Shule inaweza kulazimishwa, kama sharti la usajili, kutangaza malipo yote kwa maandishi kabla mwaka haujaanza, kwa paundi, na kutoyabadili hadi muhula uishe. Inaweza kuzuiwa kumfukuza mtoto katikati ya muhula kwa deni ambalo limezaliwa na kushuka kwa paundi baada ya mzazi kulipa. Kanuni za Abidjan za Februari 2019, zinazofafanua wajibu wa dola pale elimu inapotolewa na watu binafsi, zinatoa msingi wa masharti ya aina hiyo. Ngazi ya kuyasimamia inapaswa kutajwa wazi, kwani mamlaka ya elimu yamegawanywa kati ya wizara ya taifa na ya jimbo, na mlalamikaji asiyejua mlango wa kubisha ni sawa na asiye na sheria.

Suala moja dogo linaonyesha uharaka wa kazi hii. Machi 2024, na tena Februari 2025, serikali ilifunga shule nchini kote kwa takriban majuma mawili kwa sababu ya joto kali. Je, ada ya siku hizo ni ya nani? Shule iliendelea kulipa kodi ya jengo na mishahara. Mzazi alibaki na mtoto nyumbani na kulazimika kutafuta wa kumwangalia. Kanuni ya sentensi mbili, inayotaja siku za fidia au punguzo la muhula unaofuata, ingetosha. Joto hilo huja kati ya Februari na Aprili, miezi ileile ambayo mwaka wa masomo unaanza na ada zimekwisha kulipwa.