Ini likiziba, wengu huvimba

Msikilizaji, kila tukizungumzia ugonjwa wa ini hewani huja swali hili: kama tatizo liko kwenye ini, upande wa kulia, mbona daktari anaminya tumbo upande wa kushoto? Dakika tatu za kipindi hazitoshi kulijibu, basi tulisome hapa.

Kushoto, chini ya mbavu, ndiko uliko wengu. Wengine huuita bandama. Kwa mtu mzima mwenye afya unakaribia ukubwa wa ngumi, na kwa kawaida huwezi kuugusa kwa vidole kwa sababu mbavu zimeuficha. Ini ni kubwa zaidi, kama kilo moja na nusu. Ukichinja mbuzi utaviona vyote viwili, ila ini ndilo linalogombaniwa jikoni.

Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha huchakaa. Wengu huzikamata hizo kuukuu na kuzivunja. Madini ya chuma yaliyomo hayatupwi: mengi hurudi ndani ya mifupa kutengeneza chembe mpya, mengine huwekwa akiba, hasa kwenye ini. Hubaki takataka ya rangi ya manjano iitwayo bilirubini, ambayo wengu hauna njia ya kuitoa nje. Huipeleka kwa ini kupitia damu, nalo ini huishughulikia na kuimwaga utumboni pamoja na nyongo. Rangi ya kahawia ya choo chako hutokana nayo. Ini likishindwa kazi hiyo, kama kwa mtu mwenye homa ya ini ya virusi, manjano hubaki mwilini na kuonekana machoni.

Jambo kubwa zaidi ni njia yenyewe. Damu inayotoka kwenye wengu hairudi moja kwa moja kwenye moyo. Inakutana na damu itokayo utumbomi, zinaingia katika mshipa mmoja mnene, na mshipa huo unaingia kwenye ini. Karibu robo tatu ya damu yote inayofika kwenye ini hupita hapo. Fikiria barabara mbili za vijijini zinazokutana kwenye daraja moja. Daraja likiziba, foleni inarudi nyuma hadi kijijini.

Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, kinachoziba daraja hilo mara nyingi ni kichocho cha tumbo. Si kile cha kukojoa damu kinachojulikana zaidi Pwani. Hiki minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Kila siku jike hutaga mayai mengi. Baadhi hutoka na choo, na yakifika majini yanaanguliwa, yanaingia kwa konokono, kisha vijidudu vinatoka kumtafuta mtu mwingine na kupenya ngozi yake. Mengine husombwa na damu hadi kwenye ini na kukwama katika mishipa midogo. Mwili huyazungushia makovu. Miaka ikipita, makovu hayo hubana njia.

Damu ikikosa pa kupita, wengu hujaa na kuvimba, wakati mwingine hadi kufika kitovuni. Ukishakuwa mkubwa hivyo hushikilia na kuvunja chembe nyingi kupita kiasi, hivyo mgonjwa hupungukiwa damu. Damu iliyozuiwa nayo hutafuta vichochoro, hasa mishipa myembamba ya koo la chakula. Mishipa hiyo hutanuka na siku moja inaweza kupasuka, na mtu aliyekuwa akitembea vizuri asubuhi akatapika damu bakuli zima. Hapo ndipo maneno ya kurogwa na kutiliwa sumu huanza, na muda unapotea.

Kinachowapoteza wengi ni macho. Katika kichocho, ini lenyewe huendelea kufanya kazi kwa muda mrefu, tatizo likiwa njia tu. Kwa hiyo macho hubaki meupe, na watu husema ini lake ni zima.

Uvimbe wa kushoto si lazima uwe kichocho. Malaria ya mara kwa mara nayo huvimbisha wengu, hasa kwa watoto, kwa hiyo kipimo ndicho kitakachosema: choo, damu, na ultrasaundi pale ilipo. Kuchanjwa chale juu ya uvimbe hakufungui njia iliyoziba ndani ya ini, na wengu uliovimba unaweza kupasuka kwa pigo, kwa hiyo usikandwe kwa nguvu.

Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, na kiasi chake hutegemea uzito au urefu. Inaua minyoo iliyokomaa, lakini haikuzuii kuambukizwa tena ukirudi majini kesho. Ikitumika mapema, makovu mengi yanaweza kupungua. Tumezoea kuiona ikigawiwa shuleni, ilhali mvuvi na mkulima wa mpunga ndio wanaoshinda majini. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watu wote kuanzia umri wa miaka 2, wakiwemo watu wazima, wapewe dawa kila mwaka mahali ambapo maambukizi yamefikia asilimia 10. Kwa hiyo usione haya kuiulizia zahanati ukiwa na mvi.

Mtu akitapika damu, au choo chake kikiwa cheusi kinachonata kama lami, msisubiri kupambazuke. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, pamoja na ndugu walio tayari kumchangia damu.